AUX ya Ndai ya Kitambo Imegoma? Soma Hii Kabla Hujauziwa Redio Mpya

Cheki hii. Ni Jumamosi asubuhi, uko steji ya Kaloleni, Kaloleni ya Kilifi, si ile ya Nairobi wala ya Kisumu. Probox imejaa, mnapita Rabai mkishuka Mazeras, halafu Mombasa. Unachomeka waya kwa simu, unaekelea ngoma, unangoja bezi ipige. Kimya. Unausukuma waya kidogo, spika ya kushoto inakohoa mara moja, kisha inanyamaza tena. Abiria wa nyuma anauliza kama mnaenda matangani.

Ukifika, utapata msee yuko tayari na jibu: "Bro, hii redio imekufa. Leta ngiri kadhaa nikuwekee ile ya skrini kubwa." Hapo ndipo doo ya watu hupotea, kwa sababu mara nyingi redio iko sawa kabisa. Shida ni waya uliokatika ndani, au vumbi kwenye tundu, au adapta ya simu. Mbaya zaidi, ukikubali mtu achomoe betri bila kuuliza maswali, redio iliyokuwa nzima inaweza kujifunga na kuanza kukuomba namba ya siri usiyoijua.

Kwa hivyo, iwe wewe ni dere wa Probox au dada mwenye Vitz ya kwenda job, fuata hizi hatua moja baada ya nyingine. Nyingi hazihitaji hata bisibisi.

Kwa nini AUX bado ni ya maana

Gari nyingi barabarani Kenya zilikuja zikiwa mtumba kutoka Japani. Kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu gari la mtumba liingie likiwa limezidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Lakini likishaingia, litatembea miaka mingine kumi na zaidi. Ndio maana Probox za toleo la 2002 na Wish za 2003 bado ziko job.

Sasa, Japani masafa yao ya FM kwa miaka mingi yalikuwa 76 hadi 90. Sisi huku tunatumia 87.5 hadi 108. Maana yake redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaskia kipande kidogo tu cha mwanzo wa stesheni zetu. Zilizo 95, 98 au 103 haizifikii bila ekspanda, kile kiboksi kinachofungwa kwa waya wa antena ili kushusha masafa. Ongeza kwamba redio nyingi za miaka hiyo hazina Bluetooth, na utaona kwa nini AUX ndio mlango pekee wa ngoma kuingia.

Tundu lenyewe ni teknolojia ya kitambo: milimita 3.5, lile lile lililoenea dunia nzima baada ya Sony kutoa Walkman mwaka wa 1979. Ni rahisi na halina siri nyingi. Ndio maana hata wewe unaweza kulichunguza.

Sauti inapita vituo vinne

Simu, waya, tundu, redio. Hiyo tu. Kosa kubwa ni kuanza kutafuta shida kwenye redio, kituo cha mwisho na cha bei ghali. Anza na cha bei rahisi, na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha simu na waya pamoja, ngoma ikilia hutajua ni kipi kilikuwa kibovu.

Kabla ya yote, weka FM au CD. Spika zikilia, umeshajua kitu kikubwa: fyuzi ya redio ni nzima, spika ni nzima, na sehemu ya redio inayokuza sauti ni nzima. Mtu akikuambia fyuzi imeungua ilhali FM inalia, muulize kwa upole hiyo FM inapata moto wapi. Lakini FM nayo ikinyamaza, AUX si shida yako. Hapo cheki fyuzi na nyaya za spika kwanza.

Hakikisha pia redio iko kwa AUX kweli. Bonyeza MODE, SOURCE au AUX mpaka skrini iandike hivyo. Redio zingine hazionyeshi AUX kabisa mpaka plagi iwe imeingia, kwa sababu ndani ya tundu kuna swichi ndogo inayobonyezwa na plagi. Zingine AUX imezimwa kwa menyu na lazima uiwashe.

Kituo cha 1: Simu

Chomeka visikizi vya masikioni kwenye simu. Ukiskia ngoma pande zote mbili, simu iko fiti. Usiposkia, cheki haya:

Simu haijajiunga na spika ya Bluetooth iliyoachwa kejani? Ngoma inaweza kuwa inachezea huko.

Kava ya simu ni nene? Kava ikizuia plagi isiingie mpaka mwisho, utapata upande mmoja au kelele. Itoe, ujaribu tena.

Tundu la simu limejaa nyuzi za mfukoni? Hii ni kawaida sana kwa simu inayolala kwa jinzi. Zima simu, toa uchafu kwa kijiti cha meno, polepole.

Sauti ya simu iko chini? Kwenye AUX, pandisha simu hadi karibu asilimia 80 au 90, halafu tumia kitufe cha redio kuongeza na kupunguza. Ukifanya kinyume, yaani simu chini na redio juu, utaskia mvumo mwingi kuliko ngoma. Na ukiweka simu hadi mwisho kabisa, simu zingine huanza kukwaruza.

Kisha kuna simu zisizo na tundu. iPhone 7 ya 2016 ndiyo iliyoanza mtindo huo kwa Apple, na leo Android nyingi ziko hivyo. Hapa unahitaji adapta, na adapta za USB-C ziko aina mbili. Moja ina chipu ndani ya kubadilisha sauti ya dijitali. Nyingine haina kitu, ni nyaya tupu, na inafanya kazi tu kwa simu zinazokubali mtindo huo. Kwa macho zinafanana. Kabla hujalipa, chomeka visikizi kwenye hiyo adapta ukiwa hapo dukani na simu yako mwenyewe. Isipolia hapo, haitalia kwa gari.

Kituo cha 2: Waya

Huyu ndiye mshukiwa wa kwanza kila siku. Waya wa AUX unakunjwa, unakanyagwa, unabanwa na mlango wa droo, na unalala juani dashibodi ikichemka. Nyaya za ndani ni nyembamba kama nywele, na hukatikia shingoni, pale waya unapoingia kwenye plagi. Kwa nje utauona mzima.

Jaribio la kwanza: ngoma ikiwa inacheza, shika plagi isitikisike, kisha pinda waya karibu na shingo, upande huu na ule. Sauti ikikatika na kurudi, waya umeisha. Usiufunge kwa seloteipu ukadhani umepona. Azima waya mwingine kwa dere jirani, ujaribu. Ukilia, case closed, nunua mpya wa soo kadhaa uende zako.

Jaribio la pili, na hili ni tamu: chomeka waya kwenye gari tu, ule upande wa simu uuache wazi. Weka redio kwa AUX, sauti ya wastani. Sasa gusa ncha ya plagi iliyo wazi kwa kidole. Ukiskia "tik tik" au mvumo mdogo kwenye spika, basi waya unapitisha, na tundu na redio ziko hai. Shida yako imebaki kwa simu au adapta. Usiposkia kitu, usikimbilie kulia. Rudia na waya mwingine kwanza.

Angalia pia plagi ina mistari mingapi myeusi. Mistari miwili inaigawa vipande vitatu: ncha ni sauti ya kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na kipande kirefu cha chini ni athi. Huo ndio waya sahihi wa AUX. Mistari mitatu ni vipande vinne, kwa sababu kuna maiki. Wakati mwingine unafanya kazi vizuri, lakini kwenye tundu la gari la zamani athi inaweza kukosa kugusana sawasawa. Ukiona ukiivuta plagi nje kidogo sauti inakaa sawa, hiyo ndiyo sababu.

Kama una mita ya umeme, iweke kwenye mlio. Ncha kwa ncha lazima ilie, pete kwa pete ilie, athi kwa athi ilie. Ncha kwa pete isilie.

Soma dalili kama daktari

Kimya kabisa, FM inalia: waya, adapta, au redio haiko kwa AUX. Mwisho wa listi ni tundu.

Upande mmoja tu: kwanza weka FM. FM nayo ikiwa upande mmoja, ni spika au mpangilio wa balansi. FM ikiwa pande zote, ni waya au tundu. Ukiwa safarini na huna waya mwingine, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe mono. Bado utaskia upande mmoja, lakini hautakosa nusu ya ngoma.

Mdundo uko lakini mwimbaji amepotea, kama anaimba akiwa ndani ya pipa: athi imekatika. Hii huchanganya watu wengi, wanadhani ngoma imeharibika. Athi ikikosekana, kilicho sawa kushoto na kulia kinafutana, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawa pande zote. Badilisha waya. Ikirudia na waya wa vipande vitatu ulio mzima, athi ya tundu ndiyo imeachia.

Kukwaruza ukigusa plagi, hata waya ukiwa mpya: tundu limelegea au ni chafu.

Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta: hiyo si AUX kuharibika. Inakuja hapo chini.

Kituo cha 3: Tundu

Kaloleni kuna vumbi, na ukishuka Kilifi au Mombasa kila siku unakutana na hewa ya chumvi. Vyote viwili vinaingia kwenye tundu lililo wazi. Shaba inaota ukungu wa kijani, na sauti inaanza kukwaruza.

Kusafisha: zima redio na utoe ufunguo. Chukua plagi ya waya mzee usioutaka, ilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili au dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme. Iingize na kuitoa kama mara kumi, ukiizungusha. Ifute, rudia, kisha acha tundu likauke dakika kumi. Usitumie maji, petroli wala mafuta ya taa. Na mtu asikudanganye kwamba mnazi mkali utafanya kazi hiyo. Una sukari, utaacha utando unaonata.

Kulegea: chomeka plagi, shika waya usisogee, kisha sukuma plagi kidogo pembeni. Kama tundu zima linacheza, au sauti inakuja ukiisukuma upande mmoja tu, huenda solda ya nyuma imepasuka. Hutokea sana kwa tundu lililo chini karibu na gia, pale goti au begi la abiria linagonga plagi. Hii ni kazi ya fundi wa elektroniki, na ni ndogo: anapiga solda upya au anabadilisha tundu. Si kazi ya kubadilisha redio.

Ncha imekatikia ndani: usiifuate na pini redio ikiwa imewaka, na usijaribu ile stori ya gundi. Ukikosea, gundi inafunga tundu milele. Tundu litolewe lisukumwe kutoka nyuma.

Jambo lingine: tundu limeandikwa VTR badala ya AUX? Hilo katika gari za Japani ni la picha na sauti pamoja. Kama ni moja la milimita 3.5, mpangilio wa vipande vyake unaweza kuwa tofauti, na waya wa kawaida utakupa upande mmoja au kelele. Tafuta waya wake, usililaumu tundu.

Kituo cha 4: Redio, na ile ngori ya betri

Umebadilisha simu, waya, umesafisha tundu, bado kimya. Sasa ndio wakati wa kufungua dashibodi. Lakini simama hapo kwanza.

Redio za Japani zenye ramani, hasa nyingi za Toyota, hukumbuka mipangilio yake kwa moto wa betri. Ukitoa betri, au ukichomoa redio kutoka kwenye nyaya zake, ambayo kwa redio ni kitu kile kile, inaweza kurudi ikiomba kadi ya SD ya ramani au namba ya siri. Skrini inajaa Kijapani, na FM uliyokuwa nayo pia inaenda. Umeingia na shida ya waya wa soo kadhaa, umetoka na redio iliyofungwa.

Kwa hivyo kabla ya mtu kugusa betri: hakikisha kadi ya SD ya ramani bado iko mahali pake. Wasee wengi waliitoa wakaijaza ngoma au wakaitia kwa simu. Piga picha skrini ya mipangilio. Muulize aliyekuuzia gari kama kuna namba ya siri. Na umuulize fundi swali moja: "Hii ikiomba namba, utaifungua wewe?" Akianza kuzungukazunguka, rudi nyumbani na FM yako.

Kama ni lazima redio itoke, mwambie fundi avute taratibu. Klipu za plastiki zilizokaa juani miaka kumi na tano huvunjika kama biskuti, na dashibodi itakuwa inalia "kra kra" kila tuta. Nyuma ya redio, kwenye gari nyingi tundu la AUX lina kiwaya chake chenye plagi. Mara nyingine kimechomoka tu. Kukirudisha ni sekunde tano.

Ule mlio unaopanda na injini

Uko sawa ukiwa umezima injini. Ukiwasha, "wiiii", na unapanda ukikanyaga mafuta. Hiyo ni kelele ya alteneta inayoingia kwa sababu simu imepata athi kupitia njia mbili: chaja na waya wa AUX. Jaribu kuchomoa chaja. Mlio ukiisha, umempata mwizi.

Njia za kutoka: chaji simu kabla ya safari, au tumia pawabenki ambayo haijachomekwa kwa gari. Au badilisha ile chaja ya bei ya chini kwa iliyo na uchujaji mzuri. Au nunua kijidude kidogo chenye transfoma mbili ndogo ndani kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Kinakata njia ya kelele na kupitisha sauti. Cha bei rahisi sana hupunguza bezi kidogo, ujue hivyo.

Ukitaka njia ya mkato

Kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka kwa AUX ni kizuri, lakini kinahitaji tundu zima. Kama tundu limekufa, umenunua pambo.

Kirushia cha FM, kile cha kuchomeka kwa kiwasha sigara, hakihitaji AUX kabisa. Hila iko kwa masafa. Vingi hurusha kati ya 87.5 na 108, na redio ya Japani inaishia 90. Kwa hivyo tafuta nafasi tupu kati ya 87.5 na 90, uweke kirushia na redio namba sawa. Gari ikiwa na ekspanda, hesabu zinabadilika: ikishusha 20, unachorusha 100.3 utakiskia kwenye 80.3.

Ukienda kwa fundi, sema hivi

Usiseme "redio haifanyi". Sema: "FM inalia pande zote. Nimejaribu simu mbili na waya mbili. Nimesafisha tundu. Ukisukuma plagi juu sauti inarudi. Nataka uangalie solda ya tundu, na usichomoe redio bila kuniambia." Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea saa nzima. Anayetaka kukuuzia redio ataona hapa hakuna mchezo.

Na moja ya mwisho kwa madere wote. Haya majaribio yafanye gari ikiwa imesimama. Kushika simu ukiendesha ni kosa Kenya, faini ya papo hapo ni Sh2,000, na kuna kona kati ya Kaloleni na Mazeras ambazo hazitaki mtu anayetafuta ngoma. Panga listi yako ukiwa steji, mpe anayekaa mbele kazi ya DJ, na uweke waya wa akiba kwenye droo, umeviringishwa duara pana bila kukunjwa. Huo utakusaidia siku mnayoenda harusi Kilifi na ule wa kwanza umeamua kugoma.